Herufi moja katika nafasi ya sita

Kila ninapoweka kwenye hadubini damu ya mtoto mwenye selimundu na kuziona zile seli zilizopinda, nakumbuka kwamba chanzo chake ni herufi moja tu.

DNA imeandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Seli huzisoma tatutatu, na kila tatu hutaja asidi amino moja ya kuungwa kwenye mnyororo wa protini. Himoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni, na mnyororo wake uitwao beta una asidi amino 146. Nafasi ya sita huandikwa GAG, yaani asidi glutamiki. Mtoto huyu karithi GTG kwa baba na kwa mama, na seli, ambayo hutii maandishi yalivyo, huweka valini.

Glutamiki hupenda maji, valini huyakwepa. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hujichomeka kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani, jirani naye kwa mwenzake, mpaka zinakuwa nyuzi ngumu zinazoikunja seli. Seli hizo hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo mtoto analia mifupa usiku kucha. Tena hazidumu: ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi 10 hadi 20.

Nafasi hiyohiyo ya sita ina mengine. Ikisomeka GAA, bado ni glutamiki, na damu ni salama kabisa. Ikiwa AAG, inaingia laisini: hiyo ni himoglobini C, ya Afrika Magharibi zaidi, yenye madhara madogo. Ila A ya katikati ikidondoka, hesabu ya tatutatu inavurugika. Kila neno linaazima herufi ya linalofuata, na hatua chache mbele inajitokeza alama ya kukomea. Mnyororo unakatika ungali mfupi. Hiyo ni thalasemia ya beta, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi.

Wazazi huniuliza mbona mtoto alikuwa mzima miezi ya kwanza. Alizaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo badala ya beta hutumia mnyororo wa gama, unaotoka kwenye jeni nyingine isiyo na kasoro hiyo. Haidroksiyurea tunayompa haigusi ile herufi. Huuamsha mwili uitengeneze tena himoglobini ile ya utotoni.