Je, wajua jinsi maji ya vilindini yanavyotambuliwa yalikotoka?

Chota maji mita 3,000 chini ya Atlantiki, uchote mengine kina hichohicho katika Pasifiki, kisha uyatie katika bilauri mbili: hutayatofautisha kwa macho wala kwa ulimi. Hata hivyo, kila maji yana alama ya nchi kavu iliyoizunguka bahari yake, nayo imo katika neodimiamu, metali ambayo lita moja ya maji ya bahari ina takriban nanogramu 3 tu.

Atomi zote za neodimiamu zina protoni 60, lakini idadi ya nyutroni hutofautiana, na aina hizo ndizo isotopu. Neodimiamu-143 huongezeka polepole mno kadiri samariamu-147 inavyooza, kwa kuwa nusu yake huchukua miaka bilioni 106 kwisha. Miamba ya mabara ilipoumbika ilipata samariamu kidogo ikilinganishwa na neodimiamu. Kwa hiyo, kadiri mwamba wa bara ulivyo mkongwe, ndivyo neodimiamu-143 yake ilivyo pungufu. Mito, vumbi na matope ya pwani huingiza alama hiyo baharini.

Tofauti hupimwa kwa sehemu moja katika 10,000, kwa kulinganisha na kiwango cha wastani cha dunia; namba hasi humaanisha neodimiamu-143 ni pungufu kuliko wastani huo. Maji yanayozama Atlantiki ya Kaskazini, jirani na miamba ya Kanada na Greenland ambayo baadhi yake imepita miaka bilioni 3, husoma takriban −13. Vilindi vya Pasifiki, bahari iliyozungukwa na volkano changa, husoma karibu −4. Bahari ya Kusini, ambako maji hayo hukutana, husoma −8 hadi −9, na hapo ndipo uzuri wa kipimo hiki unapoonekana, maana mchanganyiko wenyewe unasomeka.

Viumbe na mvuke haviibadilishi alama hii kwa kiasi cha kuhesabika. Kasoro yake, ambayo haifai kufichwa, ni kwamba matope ya sakafuni nayo hutoa neodimiamu na kuyatia maji yapitayo juu yake alama ngeni. Mradi wa kimataifa wa GEOTRACES, unaochunguza elementi adimu na isotopu zilizomo baharini, neodimiamu ikiwamo, umekuwa ukipima bahari zote tangu 2010.

Meno ya samaki yaliyozama hufyonza neodimiamu yakiwa sakafuni na kuihifadhi kwa mamilioni ya miaka, hivyo jino dogo lililochimbwa katika matope hueleza ni maji gani yaliyopita hapo kabla binadamu hajakuwapo.