Mdomo Usipokwenda na Sauti, Si Lazima Nakala Iwe Mbovu

Katika mabanda ya video ya Unguja na Pemba, wengi wamezoea kuamini kwamba filamu ya Kichina inayosemwa Kiingereza, mdomo ukipishana na sauti, basi nakala ni mbovu. Kiingereza chenyewe hudhaniwa ni cha mwigizaji tunayemuona. Si ajabu kufikiri hivyo, maana sauti inatoka kwenye sura ile ile.

Kwa kawaida, mwenye sauti ni mwigizaji mwingine, aliyeingia studio picha ikiwa imeshakamilika. Huvaa hedifoni, hutazama kipande kifupi, kisha hukisema, akirudia mpaka maneno yaishe pale mdomo unapofunga. Mfasiri naye hutafuta maneno yenye m, b au p kwa pale midomo inapokutana. Na mhusika akipigwa ngumi ya tumbo, mwenye sauti ndiye anayeguna. Kazi nzito hiyo. Filamu nyingi za Hong Kong za miaka ya 1970 zilipigwa bila sauti, hata Kichina chake kikaingizwa baadaye; kwa Kiingereza, watu wachache waligawana wahusika wote.

Kujihakikishia ni rahisi. Sikiliza mlango unapobamizwa: nakala ikiwa mbovu, kishindo nacho kitachelewa. Kishindo kikiwa sawa na maneno tu ndiyo yanayopishana, hiyo ni sauti iliyoingizwa. Kama kuna chaguo la lugha, badilisha. Maneno yatageuka, muziki utabaki. Tazama pia majina ya mwishoni, ingawa filamu za zamani mara nyingi hazikuwaandika hawa wenye sauti, na mimi naona walidhulumiwa.