Nati imedondokea kwenye injini? Usiwashe gari kwanza

Nati ikikuponyoka mkono unataka kuifuata palepale, uzuie. Sikiliza kwanza. Ikigongagonga kushuka halafu ukasikia mlio wa plastiki ujue imetua kwenye kava la chini ya injini, hiyo ndo bahati, unapiga jeki, unaweka stendi, unafungua kava inakudondokea yenyewe. Ikigonga mara moja ikanyamaza imenasa juu juu tu, mara nyingi kwenye manifoldi (yale mabomba ya hewa au moshi yaliyoshikana na injini), mgongoni mwa gia boksi au chini ya trei ya betri. Mulika tochi kwa ubavu, sio kwa juu, mwanga wa ubavu ndo unafanya chuma king'ae kwenye lile vumbi lililolowa oili.

Kabla hujaingiza chochote toa waya wa hasi kwenye betri, maana fimbo ya sumaku utakayoitolea nati nayo ni chuma, ikigusa waya mnene wa stata na bodi kwa pamoja utaona cheche. Pete nayo vua.

Sasa hiyo sumaku ina usumbufu wake, inang'ang'ania kila chuma inachopita kabla haijafika kwenye nati. Mi naanza kushusha kipande cha paipu ya plastiki mpaka pale nati ilipo, ndo napitisha sumaku ndani yake. Alumini, shaba na stenlesi nyingi hazishikwi na sumaku, hapo tumia ile waya ya springi yenye kucha, au bonge la grisi nzito kwenye ncha ya kijiti, linanata vizuri tu. Upepo wa kompresa hapana jamani, unaitoa nati sehemu unayoiona unaipeleka usikokujua.

Ikiwa imepotelea upande wa belti, hata kama haraka imekushika vipi, usipige stata mpaka uipate, ikiingia kati ya belti na puli inaweza kuitoa belti au kuikata. Mbaya zaidi ni tundu la plagi. Nati ikiingia kwenye silinda hata kuizungusha injini kwa mkono usijaribu, pistoni ikipanda inaigandamiza kwenye valvu na silinda hedi (kile kipande cha juu kinachofunika silinda), na sumaku nyembamba ikishindwa unaweza kujikuta unafungua hedi nzima kwa ajili ya kinati kimoja. Ndo maana mi nikitoa plagi tu, tundu naziba na kitambaa kikubwa, kidogo kinaweza kuzama chenyewe.

Ila klipu ya plastiki iliyolala kwenye kava la chini, hiyo mi naiacha hapohapo mpaka siku ya kumwaga oili.