Damu kidogo haimtaji mdudu wa nimonia

Huku Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Pongwe, wengi tunaamini ukitolewa damu tu daktari anajua mdudu gani kaleta nimonia. Inaeleweka, maana malaria ndo inavyopimwa, tone moja jibu hilo. Ila mdudu wa malaria anakaa kwenye damu, wa nimonia yuko zaidi mapafuni, na ile FBP, kipimo cha kawaida cha damu, inahesabu seli za damu tu, seli nyeupe zikipanda ujue mwili unapambana, inaweza ikawa bakteria, na virusi navyo saa nyingine vinazipandisha. Kuotesha damu maabara, yaani kuiweka mdudu akue mpaka ajulikane, kupo, kunachukua siku kadhaa na mara nyingi hakuoti kitu hata kama mtu anaumwa kweli. Soma karatasi yako, ukikuta namba tupu bila jina la mdudu muulize daktari dawa kaichagua kwa kuangalia nini.