Je, wajua kwa nini estrojeni, homoni ya kike, huokoa mimba ya nguruwe siku ya 12, lakini huiharibu ikija siku ya 9?

Homoni zinazoongoza uzazi wa nguruwe si nyingi, na karibu zote hupatikana pia kwa ng'ombe, mbuzi na binadamu. Kinachomtofautisha nguruwe ni ukali wa ratiba yake, kwa kuwa homoni ileile inayoijenga mimba huweza kuiangamiza ikitangulia kwa siku mbili au tatu tu.

Ratiba hiyo huanzia kwenye yai. Mayai ya nguruwe jike hukaa ndani ya ovari miezi mingi yakiwa yamesimama katika hatua ya mwanzo ya mgawanyiko wa kromosomu, na kinachoyasimamisha ni seli zinazoyazunguka, ambazo hulipelekea kila yai ishara ya kulizuia bila kukoma. Mwaka 1935 watafiti Pincus na Enzmann walionyesha kwamba yai la sungura likitolewa kwenye kifuko chake huanza kukomaa lenyewe, na baadaye jambo hilo likathibitika kwa wanyama wengine, nguruwe akiwamo.

Mwilini, kizuizi hicho huondolewa na homoni ya LH. Vifuko vya mayai vinapokua hutoa estrojeni nyingi, ambayo humfanya jike aingie kwenye joto na kusimama tuli mfugaji anapombonyeza mgongoni, na estrojeni hiyohiyo huichochea tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kumwaga LH kwa wingi. LH haliamshi yai moja kwa moja. Huzifikia kwanza seli za ukuta wa kifuko, nazo hutoa protini zinazoziamuru seli zilizolikumbatia yai kutengeneza asidi ya hayaluroniki, utelezi mzito unaozitawanya seli hizo mpaka vijia vilivyoziunganisha na yai vinakatika. Ishara ya kuzuia inapopungua, yai huendelea na mgawanyiko, hutupa nje nusu ya kromosomu zake, kisha husimama tena kusubiri mbegu ya dume. Saa 40 hivi baada ya mmwago wa LH, vifuko hupasuka na mayai 15 hadi 25 hushuka kwenye mirija.

Maabara zinazokomaza mayai yaliyotoka kwenye ovari za machinjioni huifuata ratiba hiyo kwa uangalifu: mayai hupewa homoni kwa takriban saa 22 za kwanza, kisha huhamishiwa kwenye maji ya lishe yasiyo na homoni kwa muda unaokaribia huo. Hata hivyo, kukomaa kwa kromosomu ni nusu tu ya kazi. Mayai mengi ya maabara huonekana yameiva, lakini hushindwa kuzuia mbegu ya pili na ya tatu zisiingie, na kasoro hii imewasumbua sana watafiti wa nguruwe.

Baada ya kutungwa, kiinitete, yaani mimba changa, huingia kwenye mji wa mimba siku ya pili hivi, kikiwa na seli nne, na ni katika hatua hiyo kinapoanza kutumia jeni zake chenyewe badala ya akiba aliyokiachia mama. Wakati huo kila kifuko kilichopasuka kimegeuka tezi ya muda inayotoa projesteroni, homoni inayouandaa mji wa mimba kukilisha mgeni wake.

Karibu na siku ya 12 hutokea jambo la ajabu kuliko yote. Kiinitete kilichokuwa kitufe cha milimita 10 hivi hunyooka na kuwa uzi wa zaidi ya milimita 100 katika muda wa saa chache, huku kikitoa estrojeni yake. Estrojeni hiyo husaidia kuielekeza prostaglandini, kemikali inayotengenezwa na mji wa mimba, ibaki ndani ya mji huo, isiingie kwenye damu ya mama na kuziua tezi za projesteroni. Kwa kawaida mimba huhitaji angalau viinitete vinne ili ishara hiyo ya estrojeni ienee pande zote mbili za mji wa mimba. Utafiti wa mwaka 2019, uliotumia viinitete vilivyoondolewa uwezo wa kutengeneza estrojeni, uliirekebisha picha hii: tezi hazikufa mapema kama ilivyotarajiwa, ila mimba ziliharibika karibu na mwisho wa mwezi wa kwanza.

Sasa mpe jike aliyepandishwa estrojeni siku ya 9 na ya 10. Mji wa mimba hubadilika kabla viinitete havijawa tayari, navyo husambaratika siku chache baadaye. Hatari hiyo haihitaji sindano. Mahindi yaliyoota kuvu aina ya Fusarium huweza kuwa na zearalenone, sumukuvu inayoiga estrojeni, na nguruwe huathirika nayo kuliko mifugo mingi. Jike ambaye hakushika mimba naye huweza, kwa sababu ya sumu hiyo, kukaa wiki kadhaa bila kurudi kwenye joto, kana kwamba amebeba. Kwa hiyo siku ya 21 ikipita bila joto kuonekana, mfugaji anayelisha pumba za mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hana budi kuyachunguza mahindi hayo kabla ya kuanza kuhesabu siku 114 za kuzaa.