Dawa ya lehemu na vidonge vya vitamini B: moyo unalindwa na kipi?

Asalaam alaykum. Baba yetu yuko Wete, alipata kiharusi mwaka jana, hospitali wakamwandikia atorvastatini, dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli, mafuta ya damuni). Kaka yetu wa Muscat ameleta chupa ya vitamini B, anasema zikinywewa pamoja moyo unalindwa maradufu. Ni kweli?

Waalaykum salaam. Kuzinywa pamoja kwa dozi za kawaida hakumdhuru mzee, lakini ulinzi hauongezeki. Anayefanya kazi hapo ni atorvastatini. Huzuia ini lisitengeneze lehemu nyingi, na ini likipungukiwa huivuta lehemu mbaya iliyomo kwenye damu. Faida ya dawa za jamii hii imepimwa kwa uhai wa watu: katika utafiti wa nchi za Skandinavia uliotoka mwaka 1994, wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa makundi mawili. Kwa miaka mitano na kitu, waliopewa kidonge kisicho na dawa walikufa 256. Waliopewa simvastatini, ndugu yake atorvastatini, walikufa 182.

Ninachokihofia ni siku pesa zitakapopungua nyumbani, ikaachwa dawa ya lehemu kwa kuwa chupa ya vitamini bado imejaa. Hapo mzee atakuwa hana kinga.

Sasa imani hii ilitoka wapi?

Haikutoka hewani. Damuni kuna kitu kinaitwa homosisteini, na wenye nacho kwa wingi huonekana kuugua moyo na kiharusi zaidi. Foliki (vitamini B9), B6 na B12 hukishusha, kwa hiyo madaktari wakatarajia maradhi nayo yapungue. Huko Uingereza wakafuatiliwa watu 12,064 waliowahi kupata shambulio la moyo, wote wakiwa kwenye simvastatini. Nusu yao wakaongezewa foliki na B12 kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 2010: homosisteini ilishuka kwa zaidi ya robo, mashambulio hayakupungua.

China ilipata jibu tofauti kidogo mwaka 2015: wenye presha ambao hawajawahi kupata kiharusi, walipoongezewa foliki kwenye dawa ya presha, walipata viharusi vichache zaidi. Baba yenu si wa kundi hilo.

Nimesikia niasini, yaani B3, inashusha mafuta.

Kwa dozi kubwa hubadilisha vipimo kweli. Lakini watu 25,673 waliokuwa wakitumia simvastatini walijaribiwa, nusu wakaongezewa niasini, na mwaka 2014 ikabainika kwamba moyo haukupata nafuu, huku madhara yakiongezeka: kisukari, kuvuja damu, maambukizi, maumivu ya misuli. Kiasi kidogo kilichomo kwenye vidonge vya bikompleksi (mchanganyiko wa vitamini B) si tatizo. Niasini ya dozi kubwa msijinunulie.

Mimi nina kisukari, natumia metformini na dawa ya lehemu, na miguu inakufa ganzi. Ninywe vitamini B?

Swali zuri, na jibu lake liko mbali na moyo. Metformini ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi. Kisukari chenyewe pia huleta ganzi. Mwambie daktari akupime; ukipungukiwa, B12 utapewa kama tiba. Ama misuli ikiuma au kulegea bila sababu, na khasa mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa hilo linaweza kutokana na dawa ya lehemu.

Ramadhani dawa ya lehemu tuinywe saa ngapi?

Mara moja kwa siku inatosha, kwa hiyo funga haikatazi. Simvastatini inywewe usiku, baada ya futari au kabla ya kulala. Atorvastatini hukaa mwilini muda mrefu. Ya futari sawa, ya daku sawa, ila saa isibadilike kila siku. Na juisi ya balungi iacheni mezani kwa wengine: huzidisha dawa hizi damuni.