Kwa nini umeme wa ubongoni hutuliza mkono unaotetemeka, lakini miguu huendelea kuganda?

Je, wajua kwamba mtu asiyeweza kutembea hatua chache anaweza kuendesha baiskeli? Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walieleza habari za mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukakamaa kwa misuli, ambaye miguu yake ilinasa sakafuni kila alipojaribu kutembea, akawa anaanguka. Alipopanda baiskeli aliiendesha vizuri, hata akageuza bila taabu. Aliposhuka, miguu ikaganda tena.

Maana yake ni kwamba miguu yenyewe ilikuwa na nguvu. Hitilafu ilikuwa ubongoni. Mtu mzima wa afya hafikirii hatua zake, kwa sababu viini, yaani vikundi vya chembe za neva vilivyo ndani kabisa ya ubongo, huuendesha mwendo kimyakimya. Katika Parkinson, chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kupitishia ujumbe ubongoni, hufa, viini hivyo vikavurugika, na kila hatua ikaanza kudai fikra. Ndiyo maana mgonjwa huganda anapoanza kutembea, anapogeuka, anapofika kwenye mlango mwembamba, au akiulizwa swali huku anatembea. Na ndiyo maana mistari iliyochorwa sakafuni, au mdundo wa kuhesabu, huweza kuwafungua baadhi yao: mwendo unapata wa kuuongoza kutoka nje, kupitia macho au masikio. Pengine pedali zinazozunguka humfanyia mgonjwa kazi hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye umeme. Mwaka 1987, huko Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid aligundua kwamba umeme wa mapigo ya haraka, ukielekezwa kwenye thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, husimamisha mtetemeko papo hapo, na ukizimwa mtetemeko unarudi. Katika miaka ya 1990 yeye na wenzake walihamia kwenye kiini kidogo cha subithalamasi, kilicho chini ya thalamasi. Hadi leo waya mwembamba huingizwa huko na kuunganishwa na betri iliyowekwa chini ya ngozi ya kifua, ikitoa mapigo kama 130 kwa sekunde. Mtetemeko hupungua, misuli iliyokakamaa hulegea, na mara nyingi dawa hupunguzwa. Kwa aliyekuwa hawezi kushika kikombe, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Kutembea ni habari nyingine. Hatua huweza kuwa ndefu na za haraka zaidi, lakini kwa wengi kuyumba na kuganda hubaki, au hurudi baada ya miaka. Mzunguko wa neva unaoleta mtetemeko unaweza kukatizwa mahali pamoja. Kutembea kunahitaji gamba la ubongo, viini vya ndani, ubongo mdogo, shina la ubongo na uti wa mgongo vishirikiane kwa wakati mmoja. Tena, kadiri ugonjwa unavyokua, hufa pia chembe za shina la ubongo zinazotumia asetilikolini, kemikali nyingine ya ujumbe, badala ya dopamini, na pengo hilo halizibwi kwa kuchochea subithalamasi.

Watafiti hawajakaa bure. Wamejaribu kushusha mapigo hadi 60 kwa sekunde: kwa baadhi ya wagonjwa kuganda hupungua, ila mtetemeko huweza kurudi na nafuu yenyewe huweza kufifia. Tangu mwaka 2005 wamechochea pia kiini cha pedunkulopontini kwenye shina la ubongo, na matokeo yanatofautiana mno kati ya mtu na mtu. Linalonipa matumaini zaidi ni la mwaka 2023, pale timu ya Uswisi na Ufaransa ilipoweka elektrodi, vipande vya kupitishia umeme, juu ya uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni, ikachochea neva za miguu kwa kufuata mwendo wa mgonjwa aliyekuwa tayari na waya wa ubongoni. Kutembea kwake kuliimarika sana. Lakini huyo ni mtu mmoja, na mmoja hatoshi kuthibitisha tiba.

Kwa anayefikiria upasuaji, kipo kipimo kimoja ningependa kila familia ikiulizie. Daktari humtazama mgonjwa akitembea kabla ya kumeza levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, kisha baada ya kuimeza. Kuganda kunakopungua kwa dawa kwa kawaida hupungua na kwa umeme wa subithalamasi. Kusikosikia dawa, mara nyingi hakusikii umeme huo pia.